Mto Mubuku: Maji Yake Hayatoki Katika Theluji

Mtu akiifungua ramani ya magharibi ya Uganda na kutafuta mito yetu mikubwa, Mubuku hatauona upesi. Ni mstari mwembamba wa buluu unaoteremka kutoka Milima ya Rwenzori, unapita Ibanda na Bugoye, unakata barabara ya kutoka Kasese kwenda Fort Portal, kisha unapotea katika majani ya vinamasi kando ya Ziwa George. Ukiupima kwa rula juu ya ramani, toka chimbuko hadi mlango wake, hauzidi kilomita 60. Katika nchi yenye Nili na Katonga, huo ni mto mdogo.

Lakini aliyefundishwa kusoma ramani hatazami mstari wa buluu peke yake. Hutazama pia mistari ya kontua inayokatwa na mto huo. Ziwa Bujuku, ambamo mkono mmoja wa mto huu unaanzia, liko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa George liko mita 914. Maana yake ni kwamba katika masafa yale mafupi maji huanguka zaidi ya mita 3,000. Mito mingine ya Afrika husafiri kwa miezi kabla ya kushuka kiasi hicho. Mubuku humaliza kazi hiyo kwa muda mfupi sana, na kila tabia yake njema au mbaya inatokana na jambo hilo.

Tumeuchagua mto huu kwa sababu askari wengi wamepata kuufahamu. Wako waliopanda bonde lake katika operesheni dhidi ya waasi wa ADF, wakati ambapo hifadhi ya mlima ilifungwa kwa wageni kuanzia mwaka 1997 hadi 2001. Wako polisi walio katika vituo vya Kasese, ambao kila msimu wa masika huitwa usiku kuwaondoa watu kandokando ya mito. Na wako wengine watakaopelekwa huko kesho, nao wanadhani kwamba mto ni maji tu.

Mubuku una mikono miwili mikubwa. Wa kusini ndio wenye jina la Mubuku tangu mwanzo. Huanzia chini ya Mlima Baker, wenye urefu wa mita 4,843, na kuteremka katika bonde lenye kuta za mawe. Wa kaskazini huitwa Bujuku. Huu hutoka katika ziwa lenye jina hilo hilo, lililozungukwa na milima mitatu mikubwa: Stanley, Speke na Baker. Mikono hiyo hukutana chini ya kambi ya Nyabitaba, ambayo iko mita 2,650 hivi, na hapo karibu kuna daraja ambalo kila apandaye hana budi kulivuka. Kwa nini baada ya makutano jina la Bujuku ndilo lililopotea, na si la Mubuku, hilo ni la wazee wa Bakonzo kutueleza. Mto hauoni tofauti.

Tangu zamani za kale watu wameamini kwamba maji ya milima hii hutoka katika theluji. Ptolemayo, mtaalamu wa jiografia aliyeishi Misri katika karne ya 2, aliandika juu ya Milima ya Mwezi ambayo theluji yake hulisha maziwa ya Nili. Stanley aliiona theluji ya Rwenzori mwaka 1888, na baadaye wazungu wengi wakaja kuitafuta. Moore, Mwingereza, alilifuata bonde la Mubuku mwaka 1900 hadi akafika kwenye barafu. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, Mwitalia, alipitia bonde hilo hilo, akaweka kambi yake kuu chini ya mwamba wa Bujongolo, na mwezi Juni akafika kilele cha Margherita, mita 5,109. Majina mengi ya kigeni tuyaonayo leo katika ramani ya mlima yalitoka katika safari hiyo. Bakonzo nao walikuwa na elimu yao tangu mbele: huko juu, walisema, kwenye theluji, ndiko aliko Kitasamba, na mtu hapandi bila ya heshima.

Barafu ile inakwisha. Mwaka 1906 ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, nayo ilikuwa juu ya milima sita. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Leo iliyosalia iko hasa juu ya Mlima Stanley, nayo inazidi kupungua kwa sababu hewa imepata joto. Basi wengi wetu tukisikia habari hiyo huuliza swali moja: barafu ikiisha, mto nao utakauka?

Jibu limekwisha patikana, na halikupatikana kwa kukisia. Wataalamu walipima maji yanayotiririka kutoka kwenye barafu yenyewe, kisha wakapima maji ya Mubuku mlima unapoishia. Wakaona kwamba barafu haichangii hata sehemu 2 katika kila 100 za maji ya mto, iwe masika au kiangazi. Theluji tunayoisifu na kuipiga picha ni kama kofia ya gwaride: inapendeza, lakini siyo inayomlisha askari.

Basi maji yanatoka wapi? Yanatoka katika mvua inayonyesha chini ya barafu, katika mwitu na katika ukanda wa miti ya erika. Huko hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kama maji yote ya Mubuku yapitayo kwenye kipimo kwa mwaka mmoja yangetandazwa sawasawa juu ya bonde zima linaloulisha, kina chake kingefika milimita 1,730, ambacho ni kimo cha mtu mzima aliyesimama wima. Hebu fikiri, ndugu msomaji: kila hatua ya ardhi katika bonde lile hutoa maji ya kumfikia mtu utosini, mwaka baada ya mwaka.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye siri ya mto. Mvua hiyo yote ikianguka juu ya jiwe tupu, ingefika Ziwa George kabla ya jua kuchwa, na keshoye mto ungekuwa mkavu. Haiwi hivyo kwa sababu inapokewa. Apandaye kutoka lango la Nyakalengija, mita 1,600 na ushei, huingia kwanza katika mwitu wa miti mikubwa. Majani ya juu huivunja nguvu mvua, majani makavu ya chini huinywa, na mizizi huishika ardhi ya mteremko isiondoke. Kuanzia mita 2,500 hivi huanza mianzi. Ukipita mita 3,000 unaingia katika nchi ambayo mgeni haamini kuwa iko Afrika: miti ya erika iliyopinda kama wazee, kila tawi likining'inia ndevu za kijivu, na juu ya kila jiwe na kila gogo imetanda kuvumwani, ile mimea laini ya kijani, nene kama godoro. Ukiikamua konzi moja, maji hutiririka hadi kwenye kiwiko. Mtu hukanyaga akidhani ni ardhi, akazama hadi gotini katikati ya mizizi.

Juu zaidi kuna vinamasi. Mashuhuri ni kile cha Bigo, katika bonde la Bujuku, kama mita 3,400 na zaidi. Hapo majani magumu humea kwa vishungi, kila kishungi kikiwa kama kigoda, na kati yake ni tope jeusi la baridi kali. Zamani wapagazi walirukaruka toka kishungi hadi kishungi. Siku hizi kuna vijia vya mbao katika sehemu mbaya. Askari huyachukia mahali hapo, nasi hatuwalaumu. Lakini tope lile ndilo ghala la mto. Mvua ya Novemba huingia humo ikatoka polepole Januari. Mwezi ambao mashamba ya bondeni hayaoni wingu, Mubuku bado una maji, na maji hayo ni mvua ya zamani iliyowekwa akiba katika kuvumwani, tope na mwitu.

Umbo la bonde nalo linasomeka, na kamanda wa doria anapaswa kulisoma. Huko juu bonde la Mubuku ni pana chini na limesimama kuta pande zote, kama karai. Hilo lilichongwa na barafu ya zama za kale, ambayo ilikuwa kubwa kuliko hii ya leo mara nyingi, na iliteremka hadi karibu mita 2,000. Ilipoyeyuka iliacha matuta marefu ya mawe na udongo iliyokuwa imeyasukuma kando. Njia ya kwenda Nyabitaba hupanda juu ya mgongo wa tuta la namna hiyo, na Ziwa Mahoma limezuiwa na matuta hayo hayo. Chini ya hapo bonde hubadilika, likawa jembamba na kali kama herufi V, kwa kuwa hapo mchongaji alikuwa mto peke yake. Katika sehemu ya juu maji hutawanyika na kupoa. Katika sehemu ya chini hubanwa na kukimbia. Penye bonde jembamba hapafai kupiga kambi kando ya maji hata siku moja, mchanga uwe mweupe na mtulivu kiasi gani.

Mlima wenyewe si wa moto kama Elgon au Muhabura. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa na nguvu za chini ya ardhi pembezoni mwa Bonde la Ufa, na nguvu hizo hazijalala: tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia moja katika nchi ya Toro na jirani zake. Ardhi ikitikisika mteremko hulegea, na mvua ikifuata mteremko huporomoka mtoni.

Sasa habari ya kuvuka. Kwenye njia ya kurudi, chini ya Kichuchu, mpandaji huukuta Mubuku ukipita juu ya mawe, na mara nyingi huvuka kwa miguu. Asubuhi maji yaweza kuwa ya magoti na meupe hata unaona kokoto. Baada ya mvua ya saa mbili huko juu, ambayo wewe uliye chini hukuisikia hata ngurumo yake, maji hayo hayo yatakupita kiunoni. Mto huu hutoa ishara, na anayezijua huokoka. Rangi ikianza kugeuka ya udongo, ngoja. Majani mabichi na vijiti vikianza kupita kwa wingi, rudi nyuma. Ukisikia chini ya maji mlio mzito kama wa mapipa yanayobiringishwa, hayo ni mawe yanatembea, na mguu wa mtu hauna kazi hapo. Ishara mbaya kuliko zote ni ile inayomfurahisha mjinga: mto kupungua ghafla wakati mvua inanyesha. Maana yake ni kwamba mahali fulani juu ardhi imeporomoka na kuziba njia ya maji; kizuizi hicho kikivunjika, kila kitu kitashuka kwa pamoja. Panda juu mara moja, na vifaa viachwe.

Anayelazimika kuvuka na afungue mikanda ya shanta ili aweze kuitupa akianguka, avae viatu vyake, ashike fimbo imara, auelekee mkondo kwa uso, na asogeze mguu mmoja kwa wakati. Watatu walioshikana huvuka penye kumshinda mmoja. Tumekwisha kuwaona vijana wenye nguvu wakivua viatu ili visilowe. Viatu hukauka.

Liko jambo jingine ambalo tunaliandika hapa kwa makusudi. Askari wengi tumefundishwa kwamba mtu akipotea porini afuate maji yateremkayo, nayo yatamfikisha kwa watu. Katika mlima huu kanuni hiyo yaweza kumfikisha mtu nchi nyingine. Njia kuu ya kuzunguka vilele huacha bonde la Bujuku, hupita pengo la Scott Elliot, na kuingia katika bonde la maziwa ya Kitandara. Maziwa hayo yako Uganda, lakini maji yake hayaji upande wetu: huingia mto Butawu na kuteremka magharibi mpaka Kongo. Ili arudi kwenye maji ya Mubuku, mpandaji hana budi kuvuka tena mgongo wa mlima penye pengo la Freshfield, karibu mita 4,300, mahali penye ukungu karibu kila alasiri. Aliyechoka akauona mto wa Kitandara unateremka vizuri, akasema moyoni kwamba maji yote huenda nyumbani, atavuka mpaka wa dola bila ya kuona jiwe la alama wala mtu wa kumuuliza. Basi dira kwanza, maji baadaye.

Tulisema kwamba siri ya mto ni ule ukanda wa juu unaoyapokea maji. Ushahidi tunaupata kwa jirani yake wa kusini, mto Nyamwamba, upitao Kilembe na mji wa Kasese kabla ya kuingia Ziwa George. Mwezi Februari 2012, katika kiangazi, moto uliteketeza miti ya erika katika bonde la juu la mto huo. Mtu aweza kushangaa jinsi nchi iliyolowa namna ile inavyoungua. Lakini zile ndevu za kijivu na matawi makavu ya erika, jua likiwaka majuma machache, hushika moto kama nyasi za paa. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 2013, mvua kubwa ilinyesha juu ya mteremko ule ulioungua. Ardhi iliporomoka mahali pengi, mawe na magogo yakaingia mtoni, na Nyamwamba ukashuka Kilembe ukibiringisha majabali makubwa. Watu wakafa, madaraja yakachukuliwa, nyumba na hospitali zikaingiliwa, na maelfu wakabaki bila ya makao. Waliochunguza tukio hilo baadaye walihesabu moto ule miongoni mwa sababu zake. Mwezi Mei 2020 mito ya Rwenzori ilifurika tena, Mubuku ukiwa mmoja wao, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya.

Kilembe kuna deni jingine. Shaba ilichimbwa huko kuanzia mwaka 1956 hadi 1982, na mabaki ya mgodi yamelundikwa kando ya Nyamwamba. Kila gharika huyamega na kuyapeleka chini, pamoja na madini yasiyofaa katika maji ya kunywa.

Kwa hiyo moto wa doria huko juu si jambo la kuchezea. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori iliundwa mwaka 1991, ina kilomita za mraba 996, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini hata pasipokuwa na sheria wala orodha, kila afisa anayeamuru chai ipikwe katika erika mwezi wa Januari au Februari ni lazima ajue anafanya nini. Jiko liwekwe juu ya mwamba mtupu, majivu yazimwe kwa maji mpaka mkono uweze kuyashika, na mtu abaki nyuma kuhakikisha. Tunasema mkono, si kiatu, kwa kuwa moto wa huko huingia katika mizizi na udongo mweusi, ukalala siku mbili, ukaibuka mahali pengine.

Mubuku ukitoka mlimani huwa mtumishi. Kilembe Mines ndio waliotangulia kuuzungushia mitambo ya umeme. Leo iko mitatu inayofuatana katika bonde lake, na mkubwa wao ni ule wa Bugoye, wa megawati 13, uliofunguliwa mwaka 2009. Maji hutolewa mtoni kwa mfereji, hupitishwa kando ya kilima, huangushwa ndani ya bomba, kisha hurudishwa. Mto Sebwe nao, ulio jirani, hugawa maji yake kwa mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, yaliyoanzishwa miaka ya 1960, ambako hulimwa mahindi, mpunga na vitunguu katika nchi ambayo kwa mvua yake peke yake ingekuwa ya kulisha ng'ombe tu. Rwenzori huzuia mawingu, na uwanda wa Kasese chini yake ni mkavu. Mkulima wa huko anatazama juu kuliko atazamavyo mbele.

Baada ya barabara kuu mto hupoteza haraka yake. Huweka chini mawe, kisha changarawe, kisha mchanga, na mwisho tope jembamba huingia nalo katika mafunjo ya Ziwa George. Ziwa hilo lina kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake kwa wastani ni mita 2.4 tu, kwa hiyo udongo wowote utokao mlimani lazima uonekane kwa wavuvi wake.

Safari haiishi hapo. Kutoka Ziwa George maji hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, na kutoka huko huingia mto Semliki, ambao huelekea kaskazini kwa kupita nyuma ya Rwenzori, upande wa Kongo. Humo, chini ya ukuta wa magharibi wa mlima, Semliki hupokea Butawu. Matone mawili ya mvua yaliyoanguka pengo la Freshfield, moja upande huu wa mgongo na jingine upande ule, hukutana tena hapo, lile la Mubuku likiwa limeuzunguka mlima mzima, na yote mawili huenda pamoja Ziwa Albert.